Philip Miller, Mkaidi wa Bustani ya Chelsea

Mwaka 1722 daktari mmoja tajiri wa London, Sir Hans Sloane, alitia saini mkataba na Chama cha Wauza Dawa wa jiji hilo. Aliwapa ardhi ya ekari zipatazo nne kando ya Mto Thames, katika kijiji cha Chelsea, waitumie milele kwa kodi ya pauni 5 kwa mwaka. Kodi hiyo ilikuwa ndogo hata kwa enzi zile. Uzito wa mkataba ulikuwa kwenye sharti lake: kila mwaka chama kipeleke kwa Royal Society, baraza la wanasayansi wa Uingereza, mimea 50 iliyokaushwa vizuri, yote iwe imeota katika bustani hiyo, na usirudiwe hata mmoja mpaka itimie 2,000.

Sloane alijua alichokuwa akikifanya. Bustani ya Chelsea ilianzishwa mwaka 1673 ili vijana waliokuwa wakijifunza kazi ya dawa waijue mitishamba kwa macho na kwa pua kabla hawajamnywesha mgonjwa. Kwa karibu miaka hamsini ilikuwa ikienda kwa kusuasua, fedha zikikatika na watunzaji wakibadilishwa. Lakini anayedaiwa mimea mipya 50 kila mwaka hawezi kuiacha bustani igeuke pori. Atatafuta mbegu kwa mabaharia, ataandikia barua marafiki wa mbali, na atajifunza kuikuza mimea ambayo haijawahi kuonekana nchini kwake.

Aliyehitajika sasa ni mtu wa kuifanya kazi yenyewe, na aliyependekezwa alikuwa kijana wa miaka 31, Philip Miller. Aliyempigia debe ni Patrick Blair, daktari Mskoti ambaye maisha yake yangejaza kitabu: mwaka 1706 alimpasua tembo aliyefia karibu na mji wa Dundee akaeleza viungo vyake kimoja kimoja, mwaka 1715 akajiunga na waasi waliotaka kuurudisha ukoo wa Stuart kwenye kiti cha enzi, akahukumiwa kifo, akasamehewa, kisha akarudi kwenye mimea yake. Mtu wa aina hiyo akisema fulani ni hodari, neno lake lina mizani.

Miller alizaliwa mwaka 1691. Baba yake alikuwa Mskoti aliyehamia karibu na Deptford, kusini mwa Thames, akilima mboga za kuuza London. Mwana alirithi jembe, ila akaachana na mboga. Alifungua kitalu chake huko Southwark akauza maua na vichaka vya mapambo kwa watu wenye nafasi. Alikuja Chelsea akiwa mfanyabiashara anayejua kwamba mche ukifa ni hasara. Nadhani hilo lilimfaa kuliko digrii yoyote ya wakati ule, maana wengi waliojiita wanabotania walikuwa mabingwa wa Kilatini ambao hawakuwahi kuamka alfajiri kuangalia kama baridi ya usiku imeua miche.

Mwaka mmoja kabla ya kuajiriwa alikuwa ameshafanya jaribio ambalo peke yake lingetosha kumpa nafasi katika historia. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wakibishana kama mimea ina jinsia. Mjerumani Camerarius alisema mwaka 1694 kwamba inayo, na wapo waliomcheka. Wakulima wa mitende wa Arabuni wangezishangaa pande zote mbili, kwa kuwa wao walikuwa wakichukua ua la mtende dume na kulipachika kwenye mtende jike tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Lakini Ulaya ilitaka ushahidi wake.

Miller alipanda tulipu 12 mahali pa peke yake, mbali kidogo na tuta la tulipu nyingine. Zilipoanza kuchanua aliziondoa stameni zote, vile vijiti vyenye vumbi la chavua, kwa uangalifu asije akaacha hata kimoja. Kwa hesabu ya nadharia, maua hayo yasingezaa mbegu. Siku mbili hivi baadaye alikuwa akiwatazama nyuki wakifanya kazi kwenye lile tuta la pili. Aliwaona wakitoka ndani ya maua miguu na mwili vimejaa vumbi, wakaruka mpaka kwenye tulipu zake 12 na kuingia ndani yake. Walipotoka aliyachungulia maua, akakuta wameacha vumbi la kutosha. Tulipu zikazaa mbegu.

Alimwandikia Blair habari hiyo mwaka 1721, na baadaye akaiweka katika kitabu chake. Ni miongoni mwa maelezo ya mwanzo kabisa kuchapishwa Ulaya yanayomwonyesha mdudu akibeba chavua kutoka ua moja hadi jingine. Mkulima yeyote wa leo anayeweka mizinga kando ya shamba la alizeti anatumia kanuni ile ile. Ajabu ni kwamba Miller mwenyewe hakuitangaza sana. Aliendelea na kupogoa.

Kazi iliyomkabili Chelsea ilikuwa ngumu kwa sababu moja kubwa: baridi. Mbegu zilizoletwa na meli zilitoka Jamaika, Meksiko, Rasi ya Tumaini Jema, India na Madagaska, nazo zilitakiwa zikue mahali ambapo Januari maji hugeuka barafu kwenye ndoo. Nyumba za vioo zilikuwapo, lakini zilipashwa joto kwa majiko yaliyokausha hewa na kuunguza majani. Kinyesi cha farasi nacho hutoa joto, ila huanza kwa ukali na kupoa mapema. Waholanzi walikuwa na njia nzuri zaidi, na Miller, aliyekwenda kwao kujionea, aliichukua na kuiendeleza.

Njia yenyewe ilihitaji taka za viwanda vya ngozi. Watengeneza ngozi walitumia maganda ya mti wa mwaloni yaliyosagwa, na yakishaisha nguvu waliyatupa. Maganda hayo yakilundikwa mabichi ndani ya shimo lililojengwa kwa matofali, huanza kuchacha taratibu na kutoa joto la wastani kwa miezi kadhaa. Miller alizamisha vyungu vya mimea ndani ya maganda hayo mpaka ukingoni, juu kukiwa na vioo, na kando kikining'inia kipimajoto. Maganda yakianza kupoa, huchimbuliwa, hugeuzwa, huongezwa mapya. Kwa njia hiyo nanasi, tunda ambalo mabwana wa London walikuwa tayari kulilipia fedha za kuchekesha, liliweza kuiva chini ya anga la Uingereza. Maelezo yake ya kulima nanasi ni marefu na ya subira. Anakuambia maganda yawe ya namna gani, chungu kiwe na ukubwa gani, na ni lini usithubutu kumwagilia maji. Mwaka 1732 Sloane mwenyewe, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, alikuja kuweka jiwe la msingi la jengo jipya la kuhifadhia mimea ya nchi za joto.

Vitabu navyo vilikuwa vimeanza. Mwaka 1724 Miller alitoa kamusi ya bustani ya juzuu mbili ndogo, kazi ya kujaribu tu. Katika miaka hiyo hiyo alikuwa katibu wa kundi la wenye vitalu wapatao 20 waliokutana kila mwezi katika mkahawa wa Newhall, pale pale Chelsea. Kila mmoja alibeba matawi na maua aliyokuwa nayo, wakayaweka mezani kati ya vikombe vya kahawa, wakabishana: huu ni mmea gani, na wewe unauuzaje kwa jina lile? Tatizo lilikuwa la biashara. Mmea mmoja ulikuwa na majina matatu katika vitalu vitatu, na mteja aliyeununua mara tatu aliona ametapeliwa. Mwaka 1730 kundi hilo lilichapisha orodha ya miti na vichaka yenye michoro ya rangi, sehemu ya kwanza ya kazi iliyokusudiwa kuwa kubwa. Sehemu nyingine hazikutoka.

Kilichotoka ni kitu kikubwa zaidi. Mwaka 1731 Miller alichapisha The Gardeners Dictionary, kitabu kinene cha kurasa pana, alichokitabaruku kwa Sloane. Kwa mpangilio wa alfabeti alieleza kila mmea aliojua: unatoka wapi, unapandwa lini, udongo gani, unakatwaje, unalindwaje na baridi, unafaa nini jikoni au kwa dawa. Ndani yake kulikuwa na mambo ya shamba la matunda, msitu wa mbao na hata zabibu, kwa kuwa Miller aliamini kwa dhati kwamba Mwingereza anaweza kutengeneza divai nzuri kwake, imani ambayo wanywaji wa wakati wake hawakuithibitisha.

Waliomtangulia walikuwa na desturi ya kunakiliana. Mmoja akisema kitunguu kipandwe mwezi ukiwa mchanga, wote wanaofuata husema hivyo hivyo. Miller aliandika alichokifanya kwa mikono yake, na pale asipokubaliana na mwandishi wa zamani alisema wazi kwamba amejaribu na haikuwa hivyo. Kamusi ilifikia matoleo manane akiwa hai, ikatafsiriwa kwa Kiholanzi, Kijerumani na Kifaransa, ikavuka Atlantiki. Thomas Jefferson aliitumia katika mashamba yake ya Virginia. Mwaka 1732 ikafuatiwa na The Gardeners Kalendar, kitabu kidogo cha bei nafuu kinachoeleza kazi za bustani mwezi kwa mwezi, na hicho ndicho kilichoingia nyumba nyingi, kikachapishwa tena na tena.

Lazima pia isemwe mbegu hizo zote zilifikaje Chelsea. Mmoja wa watumaji wake wakubwa alikuwa William Houstoun, daktari wa meli za South Sea Company, kampuni iliyokuwa na kibali cha kuwapeleka watumwa Waafrika kwenye makoloni ya Hispania. Meli ilitia nanga Veracruz au Jamaika, bidhaa ya watu ikashushwa, na daktari akaingia porini kuokota mbegu. Houstoun alifia Jamaika mwaka 1733, na mimea mingi aliyoikusanya Miller ndiye aliyeiotesha na kuieleza. Sloane naye, mwenye ardhi ya Chelsea, sehemu ya utajiri wake ilitoka kwenye mashamba ya miwa ya Jamaika aliyokuja nayo mkewe. Bustani nzuri ya Thames ilikuwa na mizizi katika biashara ile, na Miller, ambaye katika kurasa maelfu alieleza kila aina ya samadi, hakuona haja ya kulizungumzia hilo.

Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo ya 1730 mbegu za pamba zilitoka Chelsea kwenda Georgia, koloni jipya la Waingereza huko Marekani. Wapo wanaopenda kusema kwamba hapo ndipo ulipoanzia utajiri wa pamba wa Kusini mwa Marekani. Naona ni kuikuza habari. Pamba ile ilikuwa na njia nyingi za kuingia, na Georgia yenyewe ilipiga marufuku utumwa mwaka 1735 kabla ya kuuruhusu mwaka 1751. Lakini pakiti ile ilitumwa.

Kiangazi cha mwaka 1736 alifika Chelsea mgeni kutoka Sweden, kijana wa miaka 29 aliyekuwa akiishi Uholanzi kwa hisani ya tajiri mmoja mpenda mimea, George Clifford. Jina lake Carl Linnaeus. Alikuja kutafuta mimea kwa ajili ya bustani ya mfadhili wake. Miller, wakati huo mwenye miaka 45 na jina kubwa, alimzungusha bustanini akimtajia mimea kwa majina yaliyotumika siku zile, majina ya Kilatini yenye maneno matano, saba, hata kumi, kila jina likiwa maelezo mazima: mmea fulani, mkubwa, wenye majani kama ya mmea mwingine, na ua la manjano. Mgeni alisikiliza, hakusema neno.

Linnaeus mwenyewe ndiye aliyesimulia yaliyofuata. Miller aliwaambia watu kwamba yule mtaalamu wa Clifford hajui hata mmea mmoja. Maneno yakamfikia mgeni. Siku ya pili, Miller alipoanza tena na majina yake marefu, Linnaeus akamkatiza: sisi tuna majina mafupi zaidi na ya uhakika zaidi, huu tunauita hivi, na ule hivi. Miller akanuna. Linnaeus aliporudi kuomba mimea alimkuta hayupo, amekwenda mjini. Jioni mwenyeji akarudi, hasira imekwisha, akamwahidi kila alichotaka, na ahadi akaitimiza. Furushi kubwa likasafirishwa kwenda Uholanzi.

Kwa hiyo mimea Miller aliitoa. Alichokataa kutoa ni majina. Mwaka 1753 Linnaeus alichapisha Species Plantarum, kitabu ambacho ndani yake kila spishi ilipewa jina la maneno mawili tu. Sehemu kubwa ya Ulaya ikaanza kumfuata. Miller akabaki na mfumo wa Mfaransa Tournefort, aliyekuwa ameigawa mimea katika jenasi nyingi ndogo kwa kuangalia umbo la ua. Linnaeus, aliyependa kurahisisha, alikuwa amezimeza nyingi kati ya hizo. Muhogo aliutia katika jenasi Jatropha, pamoja na mibono. Nanasi akaliweka ndani ya Bromelia. Vanila ikawa Epidendrum, mpungate ukawa Cactus, nyanya ikawa Solanum pamoja na mbilingani, na migunga yote ikawa Mimosa.

Mwaka 1754 Miller alitoa toleo la nne la ufupisho wa kamusi yake kana kwamba kitabu cha Linnaeus hakijawahi kuandikwa. Manihot ilibaki Manihot, Ananas ikabaki Ananas, na vivyo hivyo Vanilla, Opuntia, Lycopersicon na Acacia. Mtu aliyekuwa ameotesha muhogo na mbono kwenye vyungu viwili vilivyokaribiana hakuona sababu ya kuambiwa kwamba ni ndugu wa nyumba moja.

Wanabotania wa baadaye walipokubaliana kanuni za majina, waliamua kwamba hesabu ianze na kitabu cha Linnaeus cha 1753. Majina yote ya kabla ya hapo, ya Tournefort yakiwemo, yakafutwa kisheria. Na nani alikuwa wa kwanza kuyachapisha tena baada ya tarehe hiyo? Ni yule mkaidi wa Chelsea, mwaka mmoja tu baadaye. Mamia kwa mamia ya majina ya mimea hufuatwa leo na kifupisho Mill., na sehemu yake nzuri imetokana na Miller kugoma kufuata mtindo mpya. Angemtii Linnaeus mapema, jenasi hizo zingekuja kuhesabiwa kwa watu wengine.

Sitaki msomaji adhani alikuwa mtu wa kukataa tu. Kati ya mwaka 1755 na 1760 alitoa, kwa vipande vya kila mwezi, michoro 300 ya mimea iliyotajwa katika kamusi, ikachapwa kwa bamba za shaba na kutiwa rangi kwa mkono. Mmoja wa wachoraji alikuwa Mjerumani Georg Dionysius Ehret, bingwa wa uchoraji wa mimea wa karne hiyo, aliyekuwa pia shemeji yake. Walioa dada wawili wa ukoo wa Kennet. Miongoni mwa michoro hiyo limo ua dogo la rangi ya waridi lenye petali tano ambalo mbegu zake zilitoka Madagaska, zikapandwa katika bustani ya mfalme wa Ufaransa, na mtunzaji wa bustani hiyo, Richard, akamgawia Miller. Linnaeus aliliita Vinca rosea mwaka 1759. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki hulimwa mbele ya nyumba kwa sababu halijali jua wala mchanga. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 wanasayansi walipata ndani yake vinblastini na vinkristini, dawa ambazo hadi leo hutumika kutibu saratani, ikiwemo saratani ya damu ya watoto.

Mwaka 1758 aliandika kijitabu cha kuwahimiza Waingereza walime wenyewe mmea wa rangi nyekundu unaoitwa madder, ambao wapaka rangi wa nguo walikuwa wakiununua kwa Waholanzi kwa bei ya kuumiza. Hakikubadilisha mengi. Mwanawe Charles, aliyekuwa mtunzaji wa kwanza wa bustani ya mimea ya Cambridge, alipata sifa kwa jaribio la ngano: alipanda punje moja mwaka 1766, akaigawa miche kila ilipochipua na kuipanda upya, na mwaka uliofuata akavuna kutoka punje hiyo masuke 21,109. Baba lazima alifurahi; ni aina ya hesabu aliyoipenda.

Wakati huo upepo ulikuwa umembadilisha hata Miller. Kalendari ya mwaka 1760 ilikuja na utangulizi wa botania uliofuata mfumo wa Linnaeus. Na mwaka 1768, akiwa na miaka 77, alitoa toleo la nane la Kamusi, ambamo kwa mara ya kwanza mimea yote ilipewa majina ya maneno mawili. Mashabiki wa Linnaeus waliona wameshinda. Lakini Miller alikuwa amekubali ufupi wa majina bila kukubali kila alichosema bwana wake. Jenasi alizozitetea alizirudisha nazo. Parachichi, ambalo Linnaeus alilitia pamoja na miti ya mdalasini na lauri, yeye aliliita Persea americana. Hilo ndilo jina linaloandikwa hadi leo kwenye nyaraka za parachichi zinazosafirishwa kutoka Njombe, Rungwe na Murang'a.

Toleo hilo lilikuwa na bahati mbaya moja. Miller aliupa mshubiri wa dukani, ule tunaouona kwenye sabuni na mafuta ya nywele, nafasi ya spishi kamili, na kitabu kikatoka katikati ya Aprili 1768. Huko Uholanzi, kijana Nicolaas Burman alikuwa ametoa kitabu chake siku kama kumi tu kabla, naye ameuandika Aloe vera. Kanuni haina huruma: aliyetangulia ndiye mwenye jina. Jina la Miller, Aloe barbadensis, bado utalikuta kwa maandishi madogo nyuma ya chupa za losheni, kwa kuwa watengenezaji wa vipodozi hawajisumbui na tarehe.

Mwisho wake Chelsea haukuwa mzuri. Wauza dawa walitaka orodha kamili ya mimea iliyomo bustanini, na kila mmea uwekewe namba. Ni ombi la kawaida kwa mwajiri. Mzee aliyekuwa ameitunza bustani hiyo kwa miaka karibu 50, aliyeikuta imechoka na kuifanya itembelewe na Ulaya nzima, aliona anadharauliwa. Alijibu vibaya, kamati nayo ikakaza, na mwaka 1770 akalazimika kujiuzulu. Nikipima pande zote mbili, wauza dawa walikuwa na haki: bustani ya kufundishia isiyo na orodha ni ya mtu mmoja, na siku akifa inakufa naye. Lakini wangeweza kumngoja. Philip Miller alifariki tarehe 18 Desemba 1771, akazikwa katika uwanja wa kanisa la Chelsea.

Mahali pake palichukuliwa na William Forsyth, mwanafunzi wake. Mwanafunzi mwingine, William Aiton, alikuwa ameshakwenda Kew mwaka 1759 kuanza kuipanga bustani ambayo baadaye ilipeleka miche na wataalamu katika kila koloni la Mwingereza. Joseph Banks, aliyeishi jirani na bustani ya Chelsea na kuizurura tangu ujanani kabla ya kuzunguka dunia na nahodha Cook, alinunua mimea yote ya Miller iliyokaushwa. Leo imo katika makumbusho ya historia ya asili jijini London, na mtaalamu anayebishania jina la Miller huenda huko, hufungua jalada, huangalia tawi lenyewe. Deni la Sloane la mimea 2,000 lililipwa na kupitwa. Mwishoni mwa karne ya 18 iliyopelekwa ilikuwa zaidi ya 3,000.

Na mabishano ya 1754 hayajaisha. Kuhusu nyanya Miller ameshindwa: uchunguzi wa vinasaba katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba Linnaeus alikuwa sahihi kuiweka pamoja na mbilingani na viazi mviringo, na Lycopersicon imefutwa. Kuhusu migunga kisa ni kichungu zaidi, nacho kinatuhusu. Jenasi Acacia ya Miller ilisimama juu ya mgunga wa Afrika, ule wa Mto Nile. Wataalamu walipogundua kwamba miti yote iliyoitwa hivyo haitoki kwenye shina moja na ni lazima igawanywe, jina lilipaswa kubaki na Waafrika. Waaustralia, wenye spishi karibu elfu moja za kundi jingine, wakaomba wapewe wao. Katika mkutano wa wanabotania huko Vienna mwaka 2005 zaidi ya nusu ya waliopiga kura walipinga ombi hilo, lakini kwa utaratibu uliotumika zilihitajika asilimia 60 kulikataa. Australia ikapewa jina. Mkutano wa Melbourne mwaka 2011 ukathibitisha.

Naona uamuzi huo haukuwa wa haki. Idadi ya spishi si hoja mbele ya kanuni ya aliyetangulia, kanuni ile ile iliyomnyima Miller mshubiri kwa siku kumi. Lakini ndio uliopo, na vitabu vya miti ya Afrika Mashariki vimeshabadilishwa: migunga ya Serengeti na Tsavo sasa imo katika Vachellia na Senegalia. Muhogo, nanasi, vanila na mpungate bado zimo katika jenasi za Miller.